Rosti Isiyo na Ng'ombe

Migori,
9 Septemba 2024

Dada yangu mpendwa Roseline,

Nakusalimu wewe, shemeji James na kuku wenu wote. Sisi huku tu wazima, ila mke wangu Lynnet ana kikohozi ambacho hakiponi kwa sababu hataki kunyamaza kipone. Mvua imefanya njia ya nyuma ya soko kuwa mto. Bucha inaendelea vizuri. Jana nilichinja fahali mmoja ambaye mafuta yake... basi, niache. Najua tangu uache nyama habari kama hizi zinakuudhi.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Dada, simu yako hiyo haijui kunong'ona. Mara ya mwisho nilikupigia nikakueleza habari za tumbo langu, na kabla jua halijatua mteja wangu mmoja wa huko Kendu Bay akanipigia kunipa pole. Habari ya leo sitaki ifike sokoni. Kwa hiyo naandika, tena kwa Kiswahili kama tulivyolelewa, Baba akisema Kijaluo, Mama akisema Kikuria, na Kiswahili kikikaa katikati kama refa.

Habari yenyewe ni kwamba Trizah amepata mchumba. Anaitwa Bravin, mwalimu wa hesabu, kijana mtulivu, na kwao ni huko kwenu Kendu Bay. Watu wake wanakuja Desemba kwa sherehe ya posa. Nilitaka Jumamosi, Trizah akaniangalia kama nimetukana. Ni Wasabato. Basi ikawa Jumapili, tarehe ishirini na tisa.

Sasa sikia. Nikamwambia Trizah, nitawachinjia dume ambalo wataongea habari zake mpaka wajukuu waje. Akasema, "Baba, hawali nyama." Nikasema haya, kuku. "Kuku ni nyama, Baba." Samaki? "Baba." Mayai? Maziwa? Alitikisa kichwa mpaka nikaogopa kumuuliza kuhusu maji.

Mimi Zablon, ambaye mji wote huu unakula ng'ombe kutoka mkononi mwangu, nitamwoza binti yangu wa pekee kwa sukuma wiki? Trizah anasema kwa akina Bravin sikukuu ikifika wanaoka rosti ya kamande, zile dengu bapa, inayokatwa vipande kama nyama, na juu wanamwaga mchuzi mweupe, mzito kama krimu. Nikakukumbuka wewe. Nieleze inapikwaje. Nitapika mwenyewe, maana Lynnet amesema kitu chenye jina rosti na hakina ng'ombe ni uongo na hataki dhambi.

Ni mimi mdogo wako,
Zablon

*

Kendu Bay,
19 Septemba 2024

Mdogo wangu Zablon,

Barua yako ilifika ikiwa na alama ya mafuta kwenye bahasha, kwa hiyo nilijua ni yako kabla ya kusoma jina. Sisi hatujambo. Goti la James linamsumbua akiitwa kazini tu. Mchukulie Lynnet asali na tangawizi. Na umwambie Trizah kwamba Waya wake, yaani mimi shangazi yake, amefurahi mpaka amekaa chini.

Rosti ni kazi ya uvumilivu, kwa hiyo nina wasiwasi na wewe. Chukua kamande za kahawia, zichambue, zichemshe ziive lakini zisiwe rojorojo. Uyoga ukate mdogo mdogo, uukaange na vitunguu mpaka maji yote yakauke. Nasema yote. Karanga zikaange uzipondeponde, zisiwe unga. Tia chumvi, na majani machache ya rozmari. Sasa cha kuvishikanisha vyote ni nduma, yaani gimbi. Ichemshe, imenye, iponde ingali moto, uchanganye kwa mkono. Watu wengine hutumia mkate. Hao watu wengine waache. Paka sufuria mafuta, shindilia, funika, weka mkaa kidogo chini na mwingi juu ya kifuniko. Ikiiva usikate papo hapo. Iache ipoe kidogo. Wewe hujui kungoja, kwa hiyo mpe Lynnet kisu akifiche.

Mchuzi ni wa korosho mbichi. Ziloweke tangu asubuhi, uzisage na maji, kitunguu saumu na ndimu mpaka ziwe laini kabisa, halafu zipashe kwa moto mdogo ukikoroga bila kuondoka. Saga kwa blenda. Nakujua, Zablon. Usitumie ile mashine yako ya kusagia nyama. Hata ukiiosha. Hawa ni watu wanaoamini wanachoamini, na wanakuja kwako wakiwa wamekuamini.

Hukunitajia jina la mama wa kijana. Kendu Bay si kubwa.

Dada yako,
Roseline

*

Migori,
7 Oktoba 2024

Dada Roseline,

Salamu nyingi. Kikohozi cha Lynnet kimeisha, sasa tunasikia kila neno.

Nilienda dukani kwa Noor kununua korosho na kamande. Noor amenijua tangu afungue duka lile. Alipima, akafunga, akanishika bega. "Mzee Zablon, umeugua?" Nikamwambia ni za mgeni. Akanisindikiza mpaka mlangoni kama ninaenda kulazwa.

Rosti ya kwanza ilitoka uji. Nilipoipindua kwenye sahani iliendelea kupinduka mpaka mezani. Tuliila kwa kijiko. Nilikuwa sijakausha uyoga. Ya pili niliikausha vizuri, hata zaidi ya vizuri, na ikatoka jiwe. Maranga, yule mzee anayekaa kwenye benchi la bucha yangu kutwa nzima bila kununua hata figo, aliigonga kwa fimbo yake akauliza kama ninajenga. Siri imeshatoka, dada. Wateja wananiuliza kama kamande nimezipima zikiwa na mfupa au bila mfupa.

Ulinionya kuhusu mashine. Korosho zilisagika.

Mama wa kijana anaitwa Nyamoita. Ni Mkisii aliyeolewa hapo kwenu, mke wa Mzee Nashon, na Trizah anasema ndiye anayeongoza mapishi ya akina mama kanisani. Bila shaka mnafahamiana! Ni bahati iliyoje! Utakaa naye siku hiyo mkiongea mambo yenu ya majani.

Nijibu upesi.

Zablon

*

Kendu Bay,
14 Novemba 2024

Ndugu Zablon,

Nimechelewa kwa sababu ya mvua. Pia James alikuwa na malaria. Pia dereva wa gari la asubuhi alisahau bahasha, au nilisahau kumpa.

Kuhusu jiwe: ulichemsha nduma, ukaiponda ikiwa imepoa. Iponde ikiwa moto, hata kama inachoma. Kuhusu mkaa wa juu, punguza.

Nimefikiria pia kuhusu nduma yenyewe. Labda uiache. Tumia mkate tu, kama watu wanavyofanya. Na mtu akikuuliza nani alikufundisha, sema ulisoma mahali.

Tarehe ishirini na tisa sitaweza kuja. Nina shughuli.

Umesema korosho zilisagika. Mimi nauliza zilisagwa na nini.

Roseline

*

Migori,
22 Novemba 2024

Dada,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikampa Lynnet aisome kwa sauti nione kama itabadilika. Shughuli gani? Wewe ndiye shangazi. Msichana ataposwa bila Waya wake kuketi pale? Wakiniuliza nitawaonyesha nini, kiti?

Halafu kwanza uliniambia watu wa mkate niwaache, sasa unaniambia niende nikakae nao. Mimi sihami. Nimeponda nduma ikiwa moto mpaka vidole vikawa vyekundu, na rosti ya tatu, dada, imesimama! Imekatika vipande safi kabisa, na mchuzi ukaifunika kama blanketi. Nilimpa Maranga bila kumwambia ni nini. Alikula vipande vitatu akauliza ni sehemu gani ya ng'ombe. Nilitaka kulia.

Sasa nieleze kitu kimoja. Jana Trizah aliongea kwa simu na huyo mama mkwe wake, akamtajia kwamba ana shangazi hapo Kendu Bay, Roseline mke wa James. Simu ikawa kimya. Trizah akadhani imekatika. Kisha mama akasema, "Ahaa. Yule." Halafu akauliza habari za mvua.

Kuna nini kati yako na Nyamoita?

Zablon

*

Kendu Bay,
3 Desemba 2024

Zablon,

Hatujambo.

Kati yangu na yule mama hakuna kitu. Ni dada katika Bwana. Tukikutana sokoni tunasalimiana tukiwa kila mmoja upande wake wa barabara. Siku hizi nasali kanisa lile dogo la juu kwa sababu kule hakuna joto.

Maranga ni mtu asiyekula hata kabichi. Ikiwa alikula vipande vitatu, humo ndani mna kitu ambacho mimi sikukuandikia. Sitaki kujua. Nakutumia blenda yangu pamoja na barua hii. Haijawahi kulala nje ya nyumba yangu. Itumie, uioshe, uirudishe. Ukiweka nyama ndani yake nitajua, na tutakuwa ndugu wa karatasi tu.

Trizah nimemfumia kitambaa cha kujifunika mabegani. Mwambie avae siku hiyo. Mwambie sikumkataa yeye.

Roseline

*

Migori,
30 Desemba 2024

Dada yangu Roseline,

Sina nguvu ya salamu ndefu. Wote wazima, mwili tu.

Jana asubuhi stima ilipotea. Blenda yako ilikuwa mezani inang'aa kama bibi harusi, haina la kufanya. Lynnet akaniangalia. Mimi nikaiangalia mashine ya bucha, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo haijui stima ni nini. Nitakuambia ukweli, maana umeshatangazwa na mtu mwingine kama utakavyoona: rosti ya tatu ilikuwa nzuri kwa sababu karanga na korosho zake zilipitia kwenye mashine hiyo. Niliiosha kwa maji moto. Lakini mashine iliyosaga ng'ombe miaka yote hiyo ina mawazo yake yenyewe.

Nilishika mpini wake. Wageni walikuwa wameshapita Rongo. Nikakumbuka ulivyoandika, kwamba wanakuja wakiwa wameniamini. Basi nikaenda kwa jirani kuazima jiwe la kusagia, nikapiga magoti nyuma ya nyumba nikiwa na suti. Nimesaga korosho kwa jiwe, mimi! Lynnet ananyunyiza maji na kuniambia nisitokwe na jasho juu ya chakula.

Walikuja na magari mawili wakiimba. Mzee Nashon ni mtu mpole anayetabasamu na viatu vyake. Nyamoita ni mfupi, ana kofia ya rangi ya zambarau na miwani inayoning'inia kifuani, na alipoingia nyumba ilijipanga yenyewe. Tukaomba, tukakaa. Nikaleta rosti kwa mikono yangu, Lynnet akafuata na mchuzi. Watu wakasema "Aaa!" Trizah akiwa na kitambaa chako mabegani alikuwa mzuri mpaka nikashindwa kumtazama.

Tukaanza kula. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo Maranga, ambaye nilimwalika kwa sababu angekuja tu, akasema kwa sauti ya mtu anayesifu:

"Hii ni nzuri. Lakini ile ya mwezi uliopita, uliyosaga kwa mashine ya bucha, ilikuwa na ladha zaidi."

Dada, uma zote zilisimama njiani.

"Mashine ya nini?" akauliza Nyamoita.

Nikainuka. Nikanyoosha mikono tu, viganja juu. "Hiyo ilikuwa ya kujifunza, mama. Ya leo nimesaga kwa jiwe."

Akavaa miwani. Akanishika viganja akavigeuzageuza kama mtu anayekagua mahindi. "Haya malengelenge ni ya jana?"

"Ya leo, mama. Moja limepasuka tukiwa kwenye maombi."

"Kaa chini ule," akasema, na watu wakapumua.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa hajaonja bado. Akakata kipande kidogo, akakipitisha kwenye mchuzi, akakitia mdomoni. Akatafuna polepole. Kisha akaweka uma chini.

"Humu mna nduma."

Nikamwongezea mchuzi.

"Nani alikufundisha?"

"Nilisoma mahali."

"Mahali gani?"

"Mahali tu, mama."

"Mahali hapo panaitwa Roseline?"

Nikamtazama Lynnet. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, Lynnet alikimbilia jikoni bila kuitwa. Ni Mzee Nashon aliyecheka, taratibu, akaeleza kila kitu wakati mkewe ametazama sahani. Kwamba siku ya mapishi ya akina mama uliweka rosti yako mezani pamoja na za wengine. Kwamba Nyamoita aliona nduma, akasema mbele ya wote kwamba hilo ni tope la ziwani, akaiondoa mezani. Rosti za watu wote zikaliwa, na yako ikarudi nyumbani juu ya kichwa chako, ikiwa nzima.

"Na hakuionja," akamalizia Mzee Nashon.

"Sikuionja," akasema Nyamoita. Akakata kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza.

Dada, kwa nini hukuniambia? Tangu uache nyama nimekucheka na maharagwe yako, na wewe umebeba sufuria hiyo kichwani peke yako. Nilikaa pale na suti yangu, nikakuona ukipanda njia ya kwenda nyumbani, watu wakikupisha. Chakula kilinikwama kooni, na hakikuwa na mfupa.

Baada ya kula ilikuwa wakati wa mazungumzo. Mzee Nashon akakohoa, akafungua mdomo. Nyamoita akainua mkono. "Shangazi wa msichana yuko wapi?"

"Ana shughuli," nikasema.

"Shughuli yake ni mimi," akasema. "Siwezi kuchukua msichana katika nyumba ambayo shangazi yake amejificha kwa sababu yangu. Nitamwitaje binti? Tutarudi Jumapili ijayo, akiwa ameketi hapo." Akaonyesha kile kiti chako kitupu. Wakaimba wimbo mmoja, wakaondoka. Maranga akamaliza kilichobaki.

Trizah amejifungia chumbani. Kupitia mlangoni nimemwambia kwamba Waya atakuja. Sijui kama nimemdanganya mtoto wangu.

Blenda yako haikuguswa. Stima ilirudi wageni walipofika lami wakirudi kwao.

Mdogo wako,
Zablon

*

Kendu Bay,
2 Januari 2025

Zablon,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Paka viganja mafuta ya nazi, usivifunge.

Kwanza, alikula vipande vingapi? Umeandika kwamba alikata cha pili, halafu ukaanza kueleza koo lako. Barua ndefu hivyo, na jambo la maana umeliacha nje.

Nilipomaliza kusoma niliketi nikuandikie kwamba siji, na sababu zake. Nilikuwa nimefika kwenye sababu ya pili aliposimama getini. Nyamoita mwenyewe, na ile kofia. James alimwona wa kwanza. Aliruka kama mtu ambaye hajawahi kuwa na goti, akaingia bafuni akajifungia, akaniacha peke yangu.

"Hodi," akasema.

Nilifungua geti.

Alikuwa na mkoba. Akatoa kamande, akatoa mkate. "Nimekuja tupike," akasema. "Wewe weka nduma yako, mimi mkate wangu. James ataonja, aamue." James akasikia jina lake, na tukasikia komeo la bafuni likisukumwa mara ya pili.

Tulipika mpaka alasiri, majiko mawili, migongo ikitazamana. Hatukusema lolote ila "nipishe" na "chumvi." Rosti yake ilipasuka katikati alipoipindua. Alisimama akiitazama. Mungu anajua nilichotaka kusema, nilikuwa nimekitunza muda mrefu, na kilikuwa kizuri. Nilifungua mdomo, nikamwona amekunja kitambaa mkononi kama msichana aliyevunja sahani ya mamake. Nikampa kijiko, nikamwambia aikusanye, ladha iko pale pale.

Ndipo akaketi kwenye kigoda changu, akaniambia maneno machache akitazama chini. Sitakuandikia ni yapi. Nimeyangoja sana, sasa ni yangu.

Tulimtoa James kwa harufu. Alikula ya kwangu, akala ya Nyamoita, akarudia zote, akasema zote mbili ni tamu sawasawa. Tulimkasirikia kwa pamoja, mimi na yeye, tukamwita mwoga, tukamwambia mtu wa namna hiyo hafai hata kuhesabu kura za kwaya. Nyamoita alicheka mpaka miwani ikadondoka. Alipoondoka jua lilikuwa limeshuka, na nilimsindikiza upande mmoja wa barabara.

Mwambie Trizah atoke chumbani. Jumapili ninakuja, na kwa kuwa gari la akina Nyamoita lina nafasi, nitakuja nalo. Jikoni wewe usiingie. Ukitaka kuchoma nyama yako kwa ajili ya Maranga, choma kule nyuma ambako upepo hautuletei.

Nikishuka kwenye gari la wakwe usiniulize chochote. Nipokee mkoba, niite dada, nionyeshe kiti changu. Ukicheka, Zablon, nitageuka nirudi nyumbani na gari hilo hilo, na mama mkwe nitarudi naye.

Dada yako,
Roseline